Mraba dhaifu (sataranji)

Mraba dhaifu katika mchezo wa sataranji ni mraba ambao mchezaji hana tena askari wa kuulinda, wala hawezi kumpata baadaye, huku mpinzani akiwa na kete inayoweza kufika na kukaa hapo. Wachezaji wengi huuita pia shimo. Mraba wa namna hiyo huwa na uzito hasa ukiwa katikati ya ubao au karibu na mfalme. Kete zinazofaidika nao zaidi ni kete ndogo, yaani farasi na askofu. Kwa hiyo swali la miraba dhaifu na swali la nani ana kete ndogo iliyo bora huenda pamoja: shimo lisilo na kete ya kulikalia halimdhuru mtu, na farasi asiye na mahali pa kusimama ni farasi wa kawaida tu.

Majina ya kete kwa Kiswahili hutofautiana kidogo kati ya mahali na mahali. Katika makala hii *askari* ni zile kete nane za mstari wa mbele, ambazo kamusi huziita pia vitunda, na *askofu* ni kete inayokwenda mshazari. *Safu* ni miraba minane inayopanda kutoka kwa mchezaji mmoja hadi kwa mwingine (a hadi h), na *mstari* ni miraba minane inayokatisha ubao (1 hadi 8). Kete inayoondoa nyingine ubaoni husemwa kuwa inaila, kama ilivyo katika drafti.

Jinsi udhaifu unavyotokea

Askari ndiye kete pekee isiyoweza kurudi nyuma. Kila anaposogea, miraba aliyokuwa akiilinda hubaki nyuma yake, na hawezi kuirudia. Askari aliye e6, kwa mfano, wa upande mweusi, analinda d5 na f5. Akipanda hadi e5, sasa analinda d4 na f4, na mraba wa d5 umepoteza mlinzi mmoja. Kama askari wa safu ya c naye ameshaliwa au amepita, basi d5 umekuwa shimo. Mweusi anaweza bado kuulinda kwa farasi, askofu, ngome au malkia, lakini hao ni walinzi wa gharama kubwa. Kete kubwa ikilazimika kukaa zamu kwenye mraba mmoja, kazi nyingine inalala.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huchanganya mambo mawili. Askari dhaifu ni askari anayeweza kushambuliwa na asiyelindwa na askari mwenzake. Mraba dhaifu ni nafasi tupu. Mara nyingi viwili hivyo huishi jirani: askari aliyebaki nyuma kwenye d6 ni dhaifu, na mraba ulio mbele yake, d5, ni dhaifu vilevile. Lakini faida zake ni tofauti. Askari dhaifu unamshambulia ili umle. Mraba dhaifu unaukalia, na ukishaukalia, mashambulizi yenyewe yanaweza kwenda mahali pengine kabisa.

Aliyeandika kwa utaratibu juu ya mashimo haya ni Wilhelm Steinitz (1836–1900), mzaliwa wa Prague aliyekuwa bingwa rasmi wa kwanza wa dunia kuanzia mwaka 1886. Kabla yake wachezaji wengi mashuhuri walitafuta shambulio la moja kwa moja dhidi ya mfalme. Steinitz alifundisha kwamba shambulio lina haki ya kufaulu pale tu mpinzani alipojitia udhaifu fulani. Baadaye Aron Nimzowitsch, katika kitabu chake *Mein System* cha mwaka 1925, alieleza kwa kina habari ya kituo cha mbele: mraba ulioko katika eneo la adui, ambao kete yako inaukalia ikiwa imeungwa mkono na askari wako mwenyewe na haiwezi kufukuzwa na askari wa adui.

Farasi na askofu

Kwa hesabu ya kawaida askari huhesabiwa pointi 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5 na malkia 9. Hesabu hii inafaa kwa anayeanza, lakini inaficha jambo kubwa: farasi na askofu hawafanani hata kidogo, na pointi zao hupanda na kushuka kufuatana na mahali walipo.

Farasi aliye kwenye pembe ya ubao ana miraba 2 tu ya kwenda. Aliye katikati ana 8. Askofu aliye pembeni ana 7 na aliye katikati ana 13, ubao ukiwa mtupu. Askofu huvuka ubao kutoka a1 hadi h8 kwa hatua moja, ilhali farasi anahitaji hatua 6 kwa safari hiyohiyo. Kwa upande mwingine, farasi anaweza kufika kwenye miraba yote 64, lakini askofu amefungwa maisha yake yote kwenye rangi moja, yaani miraba 32. Kilicho kwenye rangi ya pili hakigusi kamwe.

Ndiyo maana wachezaji husema juu ya *askofu mzuri* na *askofu mbaya*. Askofu mbaya ni yule ambaye askari wake mwenyewe wa katikati wamesimama kwenye miraba ya rangi yake na kumzibia njia. Hasara yake ni maradufu: haoni mbele, na miraba ya rangi nyingine, ambayo askari hao hawailindi, naye pia hawezi kuilinda. Farasi wa adui akitua kwenye mraba wa rangi hiyo nyingine, katikati ya ubao, huyo askofu atakuwa mtazamaji.

Mfano: Smyslov dhidi ya Rudakovsky, Moscow 1945

Mchezo unaofaa kuliko mingi kufundishia jambo hili ulichezwa katika ubingwa wa Umoja wa Kisovyeti mjini Moscow mwaka 1945. Vasily Smyslov, aliyekuwa na umri wa miaka 24 na ambaye angekuwa bingwa wa dunia mwaka 1957, alikuwa na kete nyeupe dhidi ya Iosif Rudakovsky. Ufunguzi ulikuwa Ulinzi wa Sisilia, ambamo askari mweusi wa safu ya c hula askari mweupe wa safu ya d mapema. Kwa hiyo tangu hatua ya 4 Rudakovsky hakuwa tena na askari wa c, na mlinzi pekee wa d5 kati ya askari wake alikuwa yule wa e6.

Katika hatua ya 11, baada ya farasi wawili kulana kwenye d4, Rudakovsky alimsukuma askari huyo hadi e5. Hatua hii ilikuwa na mvuto wake: ilimshambulia askofu mweupe wa d4 na kumfungulia njia askofu mweusi wa c8. Lakini d5 ulibaki wazi, na d6 palibaki askari asiyeweza kusogea bila msaada.

Mchezaji asiye na uzoefu, akiona shimo, hukimbilia kumrusha farasi wake mara moja. Farasi huyo huliwa, mweupe hulazimika kumla mlaji kwa askari wa e4, na shimo linazibwa na askari wa mweupe mwenyewe. Smyslov hakufanya hivyo. Alihesabu kwanza walinzi wa d5. Walikuwa wawili: askofu, ambaye katika hatua ya 12 alitoka hadi e6, na farasi wa f6.

Hatua ya 13 ilikuwa askari hadi f5, akimfukuza askofu. Askofu alikwenda c4, ambako Smyslov alimla kwa askofu wake wa e2, na malkia mweusi akalipa kisasi. Mlinzi wa kwanza ameondoka. Hatua ya 15 ilikuwa askofu hadi g5, akimlenga farasi wa f6. Hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini. Askofu huyo mweupe alikuwa askofu mzuri: askari wake wa e4 na f5 walikuwa kwenye miraba myeupe, naye alitembea kwenye miraba myeusi bila kizuizi. Kwa kanuni za vitabu vya mwanzo angetakiwa kutunzwa. Smyslov alimtoa bila kusita, kwa sababu kazi aliyotakiwa kuifanya ilikuwa moja tu, kumwondoa farasi.

Rudakovsky alijibu kwa ngome kutoka f8 hadi e8, hatua ya kimya isiyohusu d5. Smyslov alimla farasi wa f6, askofu mweusi akamla askofu huyo, na katika hatua ya 17 farasi mweupe alitua d5.

Ukihesabu kete wakati huo, pande zote ziko sawa: kila mmoja ana malkia, ngome mbili, kete ndogo moja na askari saba. Kwa pointi hakuna aliye mbele. Lakini kete ndogo ya mweusi ni askofu wa miraba myeusi, na d5 ni mraba mweupe. Hakuna kete ndogo upande wa mweusi inayoweza kumgusa farasi huyo mpaka mwisho wa mchezo. Tena askari wa d6 na e5 wako kwenye miraba myeusi, rangi ya askofu wao, wakimsonga. Farasi, kwa upande wake, anatazama miraba minane: b4, b6, c3, c7, e3, e7, f4 na f6, na minne kati ya hiyo iko ndani ya eneo la mweusi. Mara moja anamtisha askofu wa f6, na pia anatishia kuruka c7 na kuzishika ngome mbili kwa pamoja. Askofu mweusi akalazimika kurudi hadi d8 kuilinda c7.

Kwa kweli mchezo uliamuliwa hapo, ingawa ziliendelea hatua kumi na moja zaidi. Smyslov aliimarisha kwanza upande wa malkia kwa askari c3 na b3, akimfukuza malkia mweusi kutoka c4. Mfalme wake akaenda kona ya h1, na katika hatua ya 21 ngome ikapanda hadi f3, ambako ililinda askari wa c3 na wakati huohuo ikawa tayari kwenda upande wa mfalme. Kisha hatua ya 22: askari hadi f6. Askari mweusi wa g7 alimla, na ukuta mbele ya mfalme mweusi ukavunjika. Malkia mweupe akaruka hadi h4, na farasi akatoka d5 kumla askari wa f6, akitishia mfalme afungwe kwenye h7.

Rudakovsky alimuondoa farasi huyo kwa askofu wake hatua ya 25, lakini malkia mweupe alichukua nafasi yake kwenye f6, na ngome nyeusi ya g7 ikabanwa kati ya malkia na mfalme wake wa h8. Hatua ya 27 ngome ya pili ya Smyslov ilikuja d1. Hatua ya 28 alikula ngome ya g7, na Rudakovsky alikubali kushindwa. Angelipa kisasi kwa ngome yake ya g8, ngome nyeupe ingekula d5, ikimshambulia malkia na kutishia kushuka d8, ambako mfalme angekosa pa kukimbilia.

Ni vema kuona kwamba farasi wa d5 hakumla askari yeyote kwa muda wa hatua saba. Alisimama tu. Nguvu zote za mweusi zilipangwa kumzunguka, na wakati ulipofika, upande wa mfalme haukuwa na wa kuutetea.

Kuachia kituo: Fischer dhidi ya Petrosian, Buenos Aires 1971

Mtu akishaelewa mchezo wa Smyslov huja hatari nyingine, ile ya kumpenda farasi kupita kiasi. Mchezo wa 7 wa fainali ya wagombea kati ya Robert Fischer wa Marekani na Tigran Petrosian wa Umoja wa Kisovyeti ndio dawa yake. Mechi hiyo ilifanyika Buenos Aires mwaka 1971, na Fischer aliishinda kwa pointi 6.5 kwa 2.5, akapata haki ya kupambana na Boris Spassky mwaka uliofuata.

Petrosian, aliyecheza nyeusi, alibaki na askari wawili waliotengwa, a6 na d5. Hakuwa na askari kwenye safu ya b, na yule wa d alikuwa ameshapita, hivyo c5 palikuwa shimo. Fischer alibadilishana maaskofu wa miraba myeusi, akaweka askari b4, na hatua ya 19 farasi wake akakaa c5, mahali panapoonekana pazuri kuliko pote. Askofu wa Petrosian hakuwa na kazi zaidi ya kuwalinda askari wake wanyonge. Hatua ya 21 alikwenda d7, akiwa tayari kubadilishana.

Fischer akamla papo hapo, farasi mkubwa kwa askofu mbaya. Hatua hiyo hutajwa mpaka leo, kwa kuwa inaonekana kama kutupa lulu. Sababu yake ni kwamba askofu huyo, mbaya kama alivyokuwa, ndiye aliyekuwa akiushikilia ulinzi wa Petrosian. Baada ya kubadilishana, Fischer alibaki na askofu wa d3 dhidi ya farasi wa f6 kwenye ubao ulio wazi, wenye askari pande zote mbili, hali inayompendeza askofu. Ngome yake ikaingia kupitia safu ya c hadi c7, na baadaye ngome ya pili ikaifuata kwenye mstari huohuo wa 7. Farasi wa Petrosian hakupata mraba hata mmoja wa kudumu. Hatua ya 34 askofu mweupe alikwenda c4, na Petrosian alikubali kushindwa.

Michezo hii miwili haipingani. Smyslov alitoa askofu mzuri, Fischer alitoa farasi mzuri, na wote walipima kitu kilekile: si kete inayoondoka ubaoni, bali zile zitakazobaki.

Miraba dhaifu ya rangi moja

Wakati mwingine udhaifu haupo kwenye mraba mmoja bali kwenye rangi nzima. Mfano wa kila siku ni mweusi aliyemsogeza askari wa g7 hadi g6 ili kumweka askofu kwenye g7. Askofu akiwepo, f6 na h6 zina mlinzi wa kutosha. Akibadilishwa, mashimo hayo mawili hubaki wazi mbele ya mfalme, na malkia mweupe aliyefika h6 huwa mgeni asiyefukuzika kirahisi. Ndiyo sababu mweupe mara nyingi hupanga malkia na askofu kwenye mshazari mmoja, d2 na e3, kisha askofu hadi h6. Anachotafuta si kumla mtu. Anatafuta kubadilishana kete moja mahsusi.

Kwa upande wa mlinzi

Mwenye shimo hana budi kutunza kete inayoweza kupigana na mkaaji wa shimo hilo. Rudakovsky alibaki na askofu asiyefaa. Angebaki na farasi, mambo yangekuwa mengine. Njia nyingine ni kufungua mchezo upande mwingine kabla mpinzani hajajipanga, au kumtoa askari sadaka ili askofu apate njia.

Kuna pia njia ya kulipa zaidi. Katika mashindano ya wagombea ya Zürich mwaka 1953, Petrosian huyohuyo, akiwa na nyeusi dhidi ya Samuel Reshevsky wa Marekani, alikabiliwa na askari weupe wenye nguvu katikati. Farasi wake wa c6 alikuwa na mraba mzuri sana, d5, lakini hakuwa na njia ya kuufikia. Hatua ya 25 Petrosian aliiweka ngome yake e6, mahali ambapo askofu mweupe angeweza kuila. Njia ya farasi kupita e7 ikafunguka. Reshevsky aliila ngome hatua ya 27, askari mweusi wa f7 akamla askofu na hivyo kuilinda d5 zaidi, na farasi akakaa hapo hatua ya 28. Ngome ya pointi 5 ilitolewa kwa askofu wa pointi 3, na mchezo ulikwisha sare.

Shimo lisilo na madhara

Si kila shimo linastahili kuogopwa. Evgeny Sveshnikov (1950–2021) alitumia miaka mingi kutetea namna ya Ulinzi wa Sisilia ambayo mweusi husogeza askari wake e5 tayari katika hatua ya 5, akiiachia d5 kwa makusudi. Walimu wengi wa zamani waliiona kama kosa la wazi. Hoja ya Sveshnikov ni kwamba mweupe hupoteza muda kuupanga ukaaji wa d5, farasi wake mwingine husukumwa pembeni hadi a3, na mweusi hupata maaskofu wawili na mchezo wa haraka.

Magnus Carlsen aliichagua namna hii katika michezo kadhaa ya mechi ya ubingwa wa dunia mjini London mwaka 2018. Fabiano Caruana hakujaribu kumtunza farasi wa d5. Alimweka hapo hatua ya 7, akaliwa, na Caruana akala kwa askari wa e4. Shimo likazibwa na askari mweupe, na pande zote mbili zikaanza kugombea mambo mengine: mweupe alikuwa na askari wengi upande wa malkia, mweusi upande wa mfalme. Michezo yote 12 ya kawaida ya mechi hiyo iliisha sare.